Ukuta Uliotaka Kufunga Njia ya Mabeseni

Jamani, mimi sina ugomvi na maghorofa. Tangu daraja jipya lifunguliwe hapa Bamako, kwenye ukingo wetu wa mto yanaota kama uyoga, na yaote tu. Ugomvi wangu ulikuwa na ukuta wa ghorofa mojawapo. Ungekata kichochoro kinachotoka mitumbwi inaposhusha samaki mpaka kwenye matanuri yetu ya kuwakaushia kwa moshi. Kuzunguka barabara kuu ni saa nzima, beseni kichwani, jua kali. Samaki gani atavumilia? Tuko wanawake kumi na mmoja, na wote tungekaa bure.

Tulipeleka barua kwa tajiri mwenye jengo, ikamezwa. Siku ya kuchimba msingi nikasikia kibarua akimwita msimamizi wao, "Guindo." Nikatua beseni. Guindo ni jina la Wadogoni, wakulima wa vitunguu; mimi Nyamoye Karabenta ni Mbozo, mtu wa mto. Tu watani tangu babu yetu alipokata nyama ya paja lake akamlisha babu yao wakati wa njaa. Na mtani hamnyimi mtani.

Nikamwendea mbele ya vibarua wake.

"Wewe mla vitunguu, kofia ngumu ya nini? Kichwa chenyewe kigumu tayari."

Akageuka, akanusa. "Nilidhani mto umeoza. Kumbe ni Mbozo."

Vibarua wakacheka. Nami nikacheka. "Mtumwa wangu, nina ombi."

Uso ukambadilika. "Mama, kama ni ukuta huu, usiombe," akasema kwa sauti ya chini. "Omba kingine. Omba hata pikipiki yangu."

"Pikipiki nitapandia wapi, mtoni? Niachie njia. Wanawake wawili wenye mabeseni wapishane."

Akachota chokaa, akachora mstari wa ukuta upya, akaacha nafasi. Na mimi kwa furaha yangu sikujiuliza itamgharimu nini.

Ukuta ukapanda na pengo lake. Tukapita tukiimba. Wiki ya tatu tukakuta msimamizi mwingine, mtu wa miwani. Akatuambia tajiri aliwaka kwa hasira, lakini kubomoa ni hasara, basi pengo libaki. Guindo ndiye aliyefukuzwa.

Wenzangu wakanifariji, eti hayo ndiyo mambo ya utani. Nikawaambia waache upuuzi. Yule mtu alijua fika kitakachompata, akanipa, nami nikachukua kama ninayepokea haki yangu. Nilimwonea, na hakuna neno jingine.

Ijumaa asubuhi akaja mwenyewe, kapita palepale penye pengo.

"Mbozo, leo zamu yangu kuomba."

"Sema."

"Nipe kazi. Kila ninakobisha hodi, jina langu limeshatangulia."

Wanawake wakaangua kicheko: Mdogoni akaushe samaki? Yeye hakucheka. Nikamsogezea kigoda karibu na tanuri langu, nikamwonyesha tunavyomkunja kambare, mkia unaingizwa mdomoni ili akae duara. Wa kwanza akamponyoka mchangani. Akamwokota, akamfuta vumbi kwa uangalifu, akaanza upya, mtu aliyekuwa anasimamisha maghorofa.

Wenzangu wakanitazama wakingoja nimtukane, maana ndiyo desturi. Nikatafuta tusi moja zuri, sikulipata. "Taratibu, mwanangu," nikamwambia. "Mkunje taratibu."