Kipimo cha Mzee Halfani

Baba yangu alilipwa mshahara wa kuendesha baiskeli kwa miaka thelathini na moja, na bibi yetu wa Kolo alikufa akiwa haamini. Aliwaambia majirani kwamba mwanawe ameajiriwa kiwanda cha mafuta ya alizeti. Kidogo ilikuwa kweli, maana timu ilikuwa ya kiwanda, na jezi ya baba ilikuwa na ua kubwa la alizeti mgongoni. Kila alipoondoka kwenda mashindano Nairobi au Kigali, bibi alisema Halfani ametumwa kupeleka mafuta.

Mwaka jana baba alikuwa na miaka hamsini na minne, na alikuwa amekwisha kutangaza kwamba mbio za Kolo hadi Dodoma zitakuwa za mwisho kwake. Mbio hizo alikuwa amezishinda mara tatu. Tatizo ni kwamba hakuwa anapungua kama watu walivyotarajia. Mwaka juzi aliwapita vijana saba kwenye kilima cha mwisho kabla ya mji, huku akiwasalimu. Wangemsamehe kuwapita, lakini salamu iliwauma. Tangu siku hiyo wakawa wanasema mzee anatumia dawa za kuongeza nguvu. Mmoja wao alisema mtu wa umri ule hupanda kitanda, hapandi mlima.

Kwa hiyo kamati ya mbio ikaamua kuleta wapimaji. Mwenyekiti, Yoramu, ambaye ni Mgogo mpole mwenye sauti ya kwaya, alimweleza baba waziwazi. Akipimwa akakutwa safi, kuanzia mwaka ujao kombe litaitwa Kombe la Halfani. Akikutwa na dawa, jina halitawekwa, na ushindi wake wote watatu utafutwa kwenye vitabu vya kamati. Na kwa sheria ya wapimaji, kukataa kupimwa ni sawasawa na kukutwa na dawa.

Baba alifurahi. Alikuwa amepimwa mara nyingi huko nje na alijua kazi yenyewe ni kukojoa kwenye kikopo. Alimwambia Yoramu kwamba akitaka, atakojoa jukwaani mbele ya mkuu wa wilaya.

Mbio zilikuwa Jumapili. Mimi nilitangulia Dodoma na nguo zake kavu na chupa ya uji, kwa sababu mama alikuwa na mguu mbaya. Upepo ulikuwa mkali na vumbi likaingia hadi kwenye zabibu za wachuuzi. Baba alifika wa tatu. Wapiga picha walimpita mshindi wakaenda kwake, na vijana waliofika nyuma yake wakaanza kuguna. Akashuka kwenye baiskeli, akanywa chupa tatu za maji mfululizo, akaniambia yuko tayari, tena amepita Haneti, huko njiani, akiwa tayari.

Wapimaji walikuwa wameweka meza nyuma ya shule, karibu na choo cha bati. Mkubwa wao, Daktari Erica, alimpa baba shikamoo ya heshima, akamweleza utaratibu. Shahidi wa kiume ataingia naye. Baba atapandisha jezi hadi kifuani na kushusha kaptula hadi magotini, na shahidi atatazama kwa macho yake mkojo ukitoka mwilini na kuingia kwenye kikopo. Baba akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa bei ya chumvi.

Ndipo shahidi akatokea nyuma ya gari akivaa glavu.

"Shikamoo mzee," alisema. "Naitwa Hamidu Masudi, wa Busi."

Baba akakaa chini. Mimi nikavuta mtandio hadi kwenye nyusi.

Siku kumi kabla ya hapo, wazee wawili kutoka Busi walikuwa wamefika nyumbani Kolo na barua ya posa. Walikuwa wananiposa mimi, kwa ajili ya kijana wao Hamidu Masudi anayefanya kazi ya afya mjini. Baba alikuwa hajawahi kumwona, kwa sababu kwetu mposaji haji na barua yake. Mimi nilikuwa nimemwona mara nne kwenye soko la Kondoa, ila hilo sikuulizwa. Baba aliipokea barua, akasema jibu litatoka baada ya mbio, shangazi Mwanaidi akishakaa na mimi na kuniuliza.

Mtu wa kwetu anaweza kumvulia nguo daktari, au askari, au mpimaji yeyote aliyetumwa na serikali. Mkwe, hapana. Adamu, mume wa dada yangu, aliwahi kukaa juani mchana kutwa na jembe lake kwa sababu baba alikuwa anaoga kwenye mfereji ulio kwenye njia ya kurudi nyumbani. Na hata yule ambaye bado si mkwe, ila huenda akawa, huwezi kumwonyesha leo kitu ambacho kesho atatakiwa awe hajakiona.

Kwa hiyo baba akamwambia daktari kwamba haja haijaja.

Daktari alimpa maji zaidi. Baba hakuweza kuyakataa bila kueleza sababu, akayanywa. Baada ya nusu saa akaulizwa tena, akasema bado. Wakati huo alikuwa amesimama, amekunja goti moja juu ya lingine kama korongo. Vijana walikuwa wamejazana kwenye uzio wa shule. Mmoja alisema mzee anabana dawa isitoke. Mwingine akasema wampeleke akae karibu na bomba linalotiririka, na kweli wakaenda kulifungua. Nilimwona baba akifumba macho.

Yoramu alikuja mara mbili kumsihi. Alisema bango la Kombe la Halfani limekwisha kuchorwa, na vijana wawili walioshika miti yake wameambiwa walikunje kwanza. Upepo ukawa unalikunjua.

Hamidu alikuwa amesimama kando akitazama viatu vyake. Nilimkasirikia, kisha nikamwelewa. Angesema ameposa kwetu, halafu akataliwe, angechekwa kuanzia Dodoma hadi Busi. Na baba naye hakuweza kusema, maana kumwita yule kijana mkwe ni kunijibia kabla sijaulizwa, jambo ambalo aliapa mbele ya mama kwamba hatalifanya kwa binti yake yeyote.

Daktari alitazama saa, akasema zimebaki dakika ishirini, baada ya hapo ataandika kwamba mzee amekataa. Akageuza fomu ili baba aisome. Mimi ndiye niliyeisoma, polepole, mstari kwa mstari, kwa kuwa sikutaka kutazama watu. Mstari wa saba uliuliza kama shahidi na mchezaji wana uhusiano wa damu, ndoa au uchumba. Kama upo, shahidi abadilishwe.

Nikaenda nikamnong'oneza daktari sikioni. Aliniambia nirudie, nikarudia kwa sauti ndogo zaidi. Akamgeukia Hamidu akamuuliza kama ni kweli. Hamidu alikiri kwamba barua imepelekwa na jibu halijatoka.

"Sasa uchumba upo au haupo?" daktari akauliza.

"Kwa upande wangu upo," Hamidu alisema.

Baba akasema kwa upande wa nyumbani binti hajaulizwa. Yoramu akaona jambo jepesi, akasema basi aulizwe. Baba akashtuka. Alieleza kwamba msichana huulizwa na shangazi yake, ndani, pazia likiwa limeshushwa, na shangazi yuko Kolo, kilomita mia na themanini. Daktari akatoa simu.

Shangazi Mwanaidi hajui kuharakisha kitu. Alitaka kwanza kujua nani na nani wamekaa nami humo chumbani. Alipoambiwa hakuna chumba, akaagiza nishushiwe pazia, na Yoramu akawaita wale vijana wawili wa bango wakalisimamisha kati yangu na umati. Kisha shangazi akaanza, simu ikiwa imefunguliwa sauti, kunitajia ukoo wa Masudi wa Busi kuanzia babu aliyehamia na ng'ombe wanane. Baba alikuwa anazunguka meza. Shangazi alipofika kwenye babu wa tatu, baba alishika nguzo ya bendera ya shule kwa mikono miwili.

"Dada," alisema, "Mungu akubariki, fupisha."

Hakufupisha. Kwa desturi aliniuliza mara tatu kama ninamtaka Hamidu, na mara tatu nikakaa kimya, kama nilivyofundishwa. Shangazi akasema kimya changu ni ridhaa, akapiga kigelegele, akakata simu.

"Fomu haina mahali pa kuandika kimya," Daktari Erica alisema. Akaja upande wangu wa bango. "Munira, ninahitaji neno. Ukisema hapana, Hamidu ni mtu baki, ataingia na mzee sasa hivi na tutamaliza. Ukisema ndiyo, nitasimamisha saa na kumwita shahidi mwingine, Gerson, yuko Zuzu, na baba yako atamsubiri hapahapa bila kwenda haja."

Nilimtazama baba. Jasho lilikuwa linamtoka kuliko alipopanda kilima. Neno moja langu lingemwingiza chooni, na jina lake likabaki kwenye kombe, na Hamidu akarudi Busi. Neno la pili lingeweza kumwaga miaka thelathini na moja kwenye kaptula mbele ya vijana wale wote. Alinisoma usoni.

"Usinitazame mimi," alisema. "Swali ni lako. Kibofu ni changu."

Nikasema, "Ndiyo, namtaka." Nilisema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, ikafika hadi kwenye uzio.

Baba alitoa sauti kama tairi linalopoteza upepo, akarudi kwenye nguzo.

Gerson alikuwa kanisani Zuzu akipiga ngoma ya kwaya, na simu yake ilikuwa kwenye mkoba wa mkewe. Ikapita saa nzima na zaidi. Baba alihesabu mabati ya shule, akayahesabu tena kwa Kirangi. Wale vijana wa uzioni walianza kwa kucheka, halafu mmoja akaenda kufunga bomba bila kuagizwa, halafu wakawa wanapanda ukutani kuangalia barabara ya Zuzu. Bodaboda ilipotokea na Gerson nyuma yake, tai ikipepea begani, wao ndio waliokuwa wa kwanza kupiga kelele.

Gerson alitaka kuanza na salamu. Baba alimshika mkono akaingia naye.

Mkojo ulisikika kwenye bati. Mtunza saa wa mbio alibonyeza saa yake bila kufikiri, na ilipokoma ilikuwa dakika moja na sekunde arobaini. Watu walipiga makofi. Daktari Erica aligawa kwenye chupa mbili, akazifunga kwa lakiri, na kikopo bado kilikuwa kimejaa.

Majibu yalitoka baada ya wiki tatu. Mkojo ulikuwa safi. Mwezi uliofuata niliolewa, na siku ya harusi baba na Hamidu walisalimiana kwa adabu kubwa, kila mmoja akitazama kushoto.

Mwaka huu baba alilikabidhi kombe lenye jina lake kwa mikono yake mwenyewe. Mshindi, kijana wa Kondoa, alipelekwa nyuma ya shule kupimwa, Hamidu akaingia naye, na wakatoka baada ya dakika nne. Baba aliuliza kama kijana amekwisha maliza. Alipoambiwa ndiyo, alitikisa kichwa, akasema waendesha baiskeli wa siku hizi hawana uvumilivu.