Sahihi ya Maud Tapsell

Maud Tapsell alikuwa mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Ivor Buckle, muuza mboga wa meza ya jirani, alizoea kumtania: "Siku ukigongwa na lori, Maud, utalipia taa zake." Maud alicheka, akaendelea kukata jibini. Kwa watu wa Ottersby hilo halikuwa kosa. Ndivyo tulivyolelewa sote: mtu akisimama mlangoni kwako humwambii hapana usoni, hata akija kukuomba paa la nyumba.

Kila Alhamisi meza yake ilikaa palepale, chini ya ukumbi wa soko, ile nyumba kongwe isiyo na kuta, paa tu juu ya nguzo za mbao. Mama yake aliuza jibini hapo, na bibi yake kabla ya mama. Lakini Maud hakupang'ang'ania kwa sababu ya ukoo. Ng'ambo ya uwanja, juu ya duka la mikate, palikuwa na dirisha la nyumba yao, na nyuma ya dirisha alikaa mumewe, Clive. Kiharusi kilimpiga miaka miwili iliyopita, kikamwachia mkono mmoja na maneno ya kuhesabika. Akiwa na shida alitundika kitambaa chekundu dirishani, na Maud akamwachia Ivor meza, akapanda mbio. Bila dirisha lile ingembidi achague: aache kazi, au ampeleke Clive kwenye nyumba ya wazee, maili ishirini kutoka hapo. Alikuwa amemwapia kwamba hatampeleka. Na kazi ndiyo iliyowalisha.

Basi magazeti ya London yakatugundua. Moja liliandika kwamba Ottersby ni miongoni mwa miji inayopendeza zaidi kuishi: mto, nyumba za mawe ya rangi ya asali, kengele za kanisa, soko la miaka mia saba. Lo, balaa! Nyumba iliyokaa miaka bila mnunuzi, panya wakiifanya kwao, ikauzwa ndani ya siku tatu kwa bei ya kutia kizunguzungu. Watoto wetu wakahama kutafuta vyumba kwingine, na wageni wakaingia na mbwa wao wembamba na mabuti ya shamba yasiyowahi kuona tope. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo isemwavyo. Sisi tulikuwa bado tunangoja kupona.

Philippa Grenfell alikuwa mmoja wao na, haki ya Mungu, hakuwa mtu mbaya. Aliupenda mji kuliko sisi wenyewe. Alinunua nyumba inayotazama uwanja kwa ajili ya soko, na hakuna aliyekutana naye asiambiwe hivyo. "Ungejua, Bi Tapsell, ninavyojisikia nikifungua pazia asubuhi!" alimwambia Maud akipokea jibini lake. "Miaka thelathini nilifungua pazia nikaona ukuta. Ukuta tu!" Kilichomshinda ni saa kumi na moja alfajiri, vyuma vya vibanda vilipoanza kugongana chini ya chumba chake cha kulala. Hilo hakulitaja. Naye pia alilelewa vizuri.

Jumatatu moja alasiri, mvua ikinyesha ya kuloweka mifupa, alibisha mlangoni kwa Maud. Mkono mmoja keki ya limau, mwingine waraka ndani ya mfuko wa plastiki.

"Sikai, sikai," alisema. "Najua una mgonjwa. Nakusanya sahihi tu. Tuulinde uwanja wetu, Bi Tapsell, kabla haujaharibiwa."

"Jamani, umelowa chapachapa! Ingia basi unywe chai."

"Hapana, nitakuchafulia zulia. Hapa tu, chini ya jina la kasisi."

Juu ya waraka palikuwa na herufi kubwa: TUULINDE UWANJA WETU WA KALE. Chini yake herufi ndogo, nusu ukurasa. Miwani ya Maud ilikuwa jikoni. Angeweza kwenda kuichukua, mgeni akabaki mlangoni akichuruzika maji, kisha asome mstari kwa mstari huku mwenzake akimtazama kana kwamba hamwamini. Haiwezekani. Na nani asiyetaka kuulinda uwanja? Akatia sahihi. Akashukuru kwa keki. Akaomba radhi kwa mvua.

Wiki tatu baadaye, Alhamisi, Ivor alifika sokoni uso umemwiva.

"Umesikia? Wanatuhamisha! Nyuma ya supamaketi, kwenye maegesho, karibu na mapipa ya taka. Halmashauri inakaa Jumanne."

"Nani kasema?"

"Yule mama wa mbwa na waraka wake. Eti malori na vyuma vyetu vinatikisa majumba ya kale. Eti soko liende kando ili uwanja upumzike. Watu mia mbili na kumi wametia sahihi, Maud! Mia mbili na kumi!"

Kisu kilimponyoka Maud, kikaanguka juu ya jibini. Alitazama dirishani. Clive aliinua mkono wake mmoja kama kawaida, naye akaupungia. Kutoka maegesho yale huoni dirisha. Unaona ukuta wa matofali na vikapu vya kununulia. Alitaka kumwambia Ivor, lakini akachukua kisu, akaendelea kukata. Alijionea haya.

Siku zile nne hakulala. Alipanga kwenda kwa Philippa mara mbili, mara mbili akafika kwenye geti la chuma, akaona taa za jikoni zinawaka na mama wa watu anakoroga chungu huku akiimba, akageuka. Angeanzaje? Ulinidanganya? Hakudanganywa. Waraka ulisema kila kitu. Kumwambia mtu kwamba ulitia sahihi bila kusoma ni kumwambia kwamba wewe ni mpumbavu na yeye ni laghai, yote kwa pumzi moja. Nyumbani alimlisha Clive supu na kumwambia kwamba hewa imekuwa nzito siku hizi.

Jumanne ukumbi wa halmashauri ulijaa. Madiwani tisa mbele, sisi kwenye viti vya mbao. Mwenyekiti alieleza kwamba ombi lina uzito wa pekee, maana limeungwa mkono na wafanyabiashara wa soko wenyewe. "Jina la nne," alisoma, "Bi Maud Tapsell, muuza jibini."

Vichwa viligeuka. Maud alisimama, ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Nilitia sahihi sikusoma," alisema. "Alikuwa amelowa. Alikuja na keki. Sikutaka... Mimi sitaki soko lihame. Mume wangu yuko pale dirishani. Nikienda maegesho simwoni. Sina mtu mwingine wa kumtazama. Sitaki, mwanisikia? Nakataa!"

Hakuna aliyewahi kumsikia Maud akipaza sauti. Mwenyekiti akauliza kwa upole kama yupo mwingine aliyetia sahihi bila kuelewa. Hapo ndipo ilipokuwa zamu yetu kusimama. Ivor alitazama viatu vyake, na nikajua kwamba naye alitia sahihi. Kasisi alikohoa. Jina langu mimi lilikuwa la hamsini na tatu, nililitia nikiwa na kipande cha keki mdomoni, nami nilikaa kimya, Mungu anisamehe. Nani asimame mbele ya watu aungame upumbavu wake? Tulimwacha mwenzetu peke yake kwa sababu ya adabu.

Kura zikapigwa. Watano kwa wanne. Soko lihame baada ya Pasaka.

Nje, Philippa alimkimbilia, macho mekundu.

"Bi Tapsell, ungeniambia! Kwa nini hukuniambia? Ningeichana ile karatasi. Mimi nalipenda lile soko, nilikuja hapa kwa sababu yake! Nilitaka lisogee kidogo tu."

"Najua, mpenzi."

"Sasa mtanichukia nyote."

"La, hakuna anayekuchukia," alisema Maud. Akamshika bega, akampa leso, akasimama naye kwenye baridi robo saa nzima mpaka mama yule akatulia, akashukuru, akaenda zake amepona kabisa. Maud ndiye aliyebaki hapo kwenye baridi, na hasira yake, bila leso.

Akapanda ngazi. Clive alikuwa kitini pake, uso umeelekea mlangoni. Maud hakuvua koti. Akapiga magoti, akamweleza yote: mvua, keki, herufi ndogo, kura. Alieleza polepole, kwa sababu siku hizi kila jambo humfikia Clive kwa kuchelewa. Akaliona likifika. Clive aligeuka akatazama uwanja mtupu chini, kisha midomo ikaanza kutafuta maneno.

"Na mimi?" alisema. "Mimi, Maud?"

Maud, aliyekuwa na neno la kumtuliza kila mtu mji mzima, alimshika mkono ule mmoja.

"Sijui, Clive," alisema. "Sijui."