Alama Isiyokuwa Kwenye Ramani

Kila alipoifungua ramani ile, Puseletso alisikia harufu ya moshi wa kinyesi kikavu cha ng'ombe. Ilikuwa ramani kuukuu, iliyochapwa kabla ya bwawa, na shule haikuwa na nyingine. Mahali ambapo sasa palikuwa na maji matupu, ramani bado ilionyesha vijumba vyeusi kando ya mto, njia ya miguu, na jina: Ha Lehlakana. Kijiji alikozaliwa.

Katika jaribio la kwanza walitakiwa waeleze makazi ya eneo hilo. Puseletso aliandika: "Hakuna makazi. Kuna maji." Akapata sifuri.

"Hukuulizwa unachojua," alisema Ntate Mokhele, mwalimu wa jiografia, akimrudishia karatasi. "Umeulizwa ramani inaonyesha nini. Taja, onyesha, eleza. Taja kitu, onyesha kilipo, kisha niambie kwa nini kipo hapo. Ukiishia kutaja tu, umenipa mfupa bila nyama."

"Lakini Ntate, pale hapana mtu."

"Kwenye ramani wapo."

"Na samaki je, Ntate?" Tumisang aliuliza kutoka nyuma. "Si nao wana makazi?"

Darasa likacheka. Samaki ndilo jina walilompa Puseletso tangu familia yake ilipohamishiwa huku mlimani.

Ntate Mokhele hakucheka. "Jaribio la pili ni Ijumaa. Atakayeanguka tena simwandikishi mtihani wa taifa. Viwanda vya nguo vinaajiri, mnajua njia."

Puseletso alijua njia. Alijua pia kwamba nyumbani jina la kijiji kile halitajwi. Bwawa lilipokuwa likijengwa, makaburi yenye mawe yalifukuliwa, wafu wakahamishwa. Lakini kaka yake alikuwa amekufa kabla ya kupewa jina, na mtoto wa namna hiyo wanawake humzika wenyewe, nyuma ya ukuta wa nyumba, bila jiwe, na wanaume hawaambiwi. Waliokuja kuhesabu makaburi walikuwa wanaume. Nkhono, bibi yake, alinyamaza. Maji yakaja.

Tangu hapo, upepo ukivuma kutoka bwawani, Nkhono huacha alichoshika akasikiliza.

"Unamsikia?"

"Ni upepo, Nkhono."

"Upepo haulilii titi, mjukuu wangu. Na wewe usipataje pale. Ukipataja atadhani tumekuja kumchukua."

Puseletso husema ni upepo. Ila naye humsikia.

Ijumaa ile upepo nao uliamka. Puseletso alikunjua ramani juu ya dawati, akaandika jina la kijiji kwa herufi ndogo, kama anayenong'ona. Akataja: makazi yamejipanga mstari. Akaonyesha: kando ya mto, upande wa mashariki. Akaeleza: kwa sababu maji ni ya karibu, kwa sababu mistari ya kontua imeachana, basi ardhi ni tambarare na inalimika. Kila alipoandika "kwa sababu", mtu alitoka majini. Mama mmoja na ndoo kichwani. Mzee akifungulia ng'ombe zizini. Walisimama kando ya dawati, nguo zikitona maji, wakasubiri sentensi inayofuata.

Harufu ya moshi ikazidi. Hakuna mwingine aliyeinua kichwa.

Swali la mwisho lilitaka mchoro wa ramani. Ntate Mokhele alikuwa amewaonya mara nyingi: chora kilichopo tu, kila alama iwe na maana yake kwenye ufunguo, na ukiongeza kitu chako nakata alama. Puseletso alichora mto, njia, vijumba. Kijumba cha mwisho kilikuwa chao.

Hapo kilio kikaanza, chembamba, nyuma ya kijumba.

Aliitazama penseli yake. Akafikiria sifuri ile, na mageti ya viwanda. Kisha akaweka nukta nyuma ya ukuta. Kwenye ufunguo akaichora tena, na mbele yake akaandika: kaburi la mtoto.

Kilio kikakatika. Alipogeuka, kando ya dawati hapakuwa na mtu.

Jumatatu Ntate Mokhele alimrudishia karatasi. Nukta ilizungushiwa wino mwekundu.

"Hiki hakipo kwenye ramani."

"Najua, Ntate."

"Nimekata." Akagonga jumla ya alama kwa kalamu. "Umefaulu. Kwa kuponea chupuchupu, lakini nakuandikisha."

Jioni alimkuta Nkhono mlangoni akichambua maharage, uso ameuelekeza bwawani.

"Tangu Ijumaa kimya," alisema Nkhono. "Umepataja?"

"Nimepataja."

"Na yeye?"

Puseletso akafungua karatasi juu ya mapaja ya bibi. Nkhono hakujua kusoma. Alifuata mto kwa kidole, akahesabu vijumba kwa majina ya wenyewe, mpaka akafika cha mwisho.

"Yuko wapi?"

"Hapa."

Nkhono akaiweka ncha ya kidole juu ya nukta, taratibu, kama anayemfunika mtoto shuka, na hakukiondoa mpaka giza lilipoingia.