Kosa la Phelesia

Phelesia alipiga magoti kwenye mchanga mkavu wa kijito, leso imetolewa kichwani, huku Mzee Caleb akimnyunyizia manyasi, dawa ya kutakasa, toka utosini hadi nyayoni. Wanawake aliochota nao maji miaka yote walisimama ng'ambo na mitungi yao mitupu. Hakuna aliyemsalimu.

Kosa lake lilijulikana kijiji kizima. Mjane aliyekataa kurithiwa alitia mguu kijitoni, na kijito kikafa. Wazee waliamua atakaswe. Maji yasiporudi, arudi kwao Oyugis, aache boma na watoto wa marehemu.

Elkana, shemeji yake, alijificha nyuma ya watu. Ndiye aliyeendesha pampu ya kisima kwenye shamba la parachichi, hatua mia mbili tu juu ya kijito. Pampu ilivuta maji mchana na usiku. Mara mbili iliharibika, na mara zote mbili mchanga wa kijito ulilowa siku ya tatu. Alimweleza tajiri mwenye shamba. Tajiri akamwuliza kama amechoka na kazi. Mwenye nguvu mpishe. Elkana akafyata mkia, na tangu siku hiyo aliona haya hata kuombea chakula mezani pake.

Kusema hadharani alishindwa. Alichoweza ni kuzima pampu Jumatano na kumdanganya tajiri kwamba waya umeungua. Maji yakirudi, alijiambia, Phelesia atabaki na watoto wake.

Leo ilikuwa Jumamosi. Mwanamke mmoja alifukua mchanga kwa kibuyu, akasita, akafukua tena. Maji yakatokeza, ya matope kwanza, kisha safi. Vigelegele vikapaa.

"Mmeona wenyewe," Mzee Caleb alisema. "Huyu ndiye aliyekuwa amefunga maji."

Wanawake walimkumbatia Phelesia mmoja mmoja, wakimsamehe. Alipoachiliwa alimwendea Elkana, manyasi yakimtiririka shingoni.

"Shemeji, kumbe ni mimi kweli," alisema. "Mwaka mzima nimewanyima watoto wa watu maji. Na bado nilikuwa nabisha."

Elkana alifungua mdomo. Simu ikaita mfukoni. Tajiri alitaka kujua fundi yuko wapi, miche inakauka.

"Pampu itawaka saa hii, mkubwa," Elkana alijibu.

Akaanza kupanda kilima. Nyuma yake wanawake walikuwa wakimpisha Phelesia achote wa kwanza.