Nani Atamwombolezea Okse

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na tisa Agosti, siku yetu sisi Waseto, watu wachache wa mpakani mwa Urusi, ya kula na marehemu makaburini. Mwaka huo wakubwa wa kijiji walikuwa wamejipatia cheo: Mji Mkuu wa Utamaduni wa watu wote wenye lugha za ukoo wetu. Nyumba arobaini, mji mkuu! Wakapachika bango, wakajenga choo kipya. Barabara ikabaki na mashimo yake.

Mke wangu Okse alikuwa na miezi saba kaburini. Kitu kimoja tu aliniomba kabla hajafa: siku hiyo asilale bila kilio. Kwetu wanawake ndio huomboleza, kwa maneno ya kuimba. Mwanamume hula, hunywa, hunyamaza. Binti hatuna. Leida, binamu yake, aliahidi.

Asubuhi hiyo akanipitia mbio, mapambo ya fedha yakimlia kifuani.

"Shemeji, nisamehe. Saa sita kamati ya sherehe imenipanga jukwaani. Naomboleza mbele ya wageni."

"Kwani wamefiwa?"

"Usianze, Vasso! Wanataka kuona tunavyofanya."

"Si waje kaburini?"

"Ratiba imeshachapishwa."

Nikatandika kitambaa juu ya kaburi peke yangu: mayai, jibini, samaki. Akatokea mama mmoja, kifua kimejaa sarafu, anatafuta kile choo kipya na amepotea. Siku hiyo mpita njia haachwi na njaa, nikamwita. Alikuwa Mudmurti, mmoja wa hao wa ukoo wa lugha yetu, kutoka Urusi, karibu na milima ya Urali, jina lake Glafira. Tukaongea Kirusi. Kabla hajaonja, alimega jibini akamwekea Okse kwanza, kama sisi. Nani kamfundisha?

"Mbona hapa kimya?" akauliza.

Nikamweleza.

"Kwani wewe huna mdomo?"

"Ninao. Wa kunywea."

Akacheka, kisha akapiga magoti akaanza, kwa lugha yake. Sikuambulia kitu, ila neno la jicho na neno la mkono, yanakaribiana na yetu. Kwenye makaburi ya jirani watu wakaacha kutafuna.

Leida akaja anahema, jukwaa kalimaliza.

"Nianze?"

"Umechelewa. Kashaombolezewa."

"Kwa Kiudmurti? Shemeji! Atajuaje kwamba anaitwa yeye?"

Nilimuuliza padri swali hilo; akatazama saa yake. Nikamuuliza mwenyekiti wa kamati. Akasema ni swali zuri, akaondoka. Cheo chao ndicho kilichomleta Glafira, hilo siwanyimi. Lakini Okse, je, alisikia?