Nyuma ya Picha ya Mgomo

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi kamili alasiri, maktaba ya mji ilikutana na dunia. Ndivyo lilivyosema tangazo la mlangoni. Dunia yenyewe, ukiihesabu, ilikuwa watu kumi na mmoja kwenye viti vya plastiki, feni moja inayozunguka kwa manung'uniko, na shuka jeupe lililotundikwa ukutani ili sura ya mwandishi, aliye mbali huko aliko, iwaangukie wasikilizaji ikiwa na mikunjo ya pasi kwenye paji la uso. Namba iliyoandikwa pembeni ya skrini ilisema wahudhuriaji wa mtandaoni ni kumi na wanne. Watatu kati yao walikuwa mkuu wa maktaba peke yake: mara moja kwa kompyuta, mara moja kwa simu ya kazini, na mara moja kwa simu ya nyumbani.

"Tunakua," alisema mkuu, akiisoma namba hiyo kama mtu anayesoma matokeo ya uchaguzi alioshinda.

"Unakua wewe," alijibu Mama Kadi, bila kuinua macho.

Mama Kadi alikuwa mkutubi hapo kwa miaka thelathini na mmoja, na jina hilo alipewa kwa haki. Kila kitabu, kila ramani, kila picha ya zamani iliyokuwamo katika jengo lile ilikuwa na kadi, na kila kadi aliipiga chapa yeye kwa mashine yake nzito ya vidole viwili. Kompyuta zilipoletwa alizikaribisha kama mtu anavyomkaribisha mke mwenza. Alipenda kusema kwamba watu hukosea, vitabu hukosea, hata kalenda hukosea, lakini kadi zake, hapana. Alilisema hilo mara nyingi sana, na kwa sauti ambayo haikuacha nafasi ya kujibiwa.

Mgeni wa mwezi huo alikuwa daktari wa historia, mwandishi wa kitabu kinene juu ya mgomo wa wafanyakazi wa maji. Mgomo huo ulikuwa wa kweli na wa humu humu mjini, wa enzi za wazazi wao: siku tisa mabomba yalikauka, na mji mzima ukanawa uso kwa subira. Wagomaji waliogopa kuandika majina yao popote, wakaitana kwa vyeo tu. Katibu ndiye aliyeongoza. Karani ndiye aliyewauza: aliwaorodhesha wenzake ishirini na watatu akampelekea meneja, na wote wakafukuzwa. Kilichobaki cha kuonyesha sura za wawili hao ni picha moja tu, wamesimama mbele ya lango la mtambo wa maji, na picha hiyo ilikuwa kwenye kabati la Mama Kadi. Daktari hakuwahi kufika kuitazama. Aliomba apelekewe nakala ya picha na ya kadi kwa mtandao, akapelekewa, kisha akaandika katika dibaji kwamba alizama miaka mitatu katika nyaraka. Labda alizama kweli. Hakuna aliyemwona akilowa.

Kadi ilisema: kushoto, katibu, kulia, karani. Kitabu nacho kikasema hivyo hivyo, ukurasa mzima.

Sasa yule mtu wa kulia alikuwa na masikio. Kila binadamu anayo, lakini haya yalikuwa yamesimama wima kama vishikio vya sufuria, na mjini palikuwa na mtu mmoja tu mwenye masikio kama hayo: Fundi Bomba, ambaye ndiye aliyekuwa akiziba mifereji ya maktaba hiyo hiyo. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo. Alilelewa akiambiwa kwamba baba alikuwa katibu. Kitabu kilipotoka, mji ulimweleza vingine.

Alikuja mapema siku hiyo, mfuko wa vifaa begani, akamkuta Mama Kadi anapanga viti.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Bomba la chooni linavuja tena, lakini leo si siku yake."

"Sikuja kwa bomba. Nilileta swali Jumatano, kwa maandishi, kama mnavyotaka. Litasomwa?"

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya mkuu: maswali yaandikwe kwenye vikaratasi siku tatu kabla, yatiwe kwenye kisanduku, ayachuje mwenyewe, ayasome mwenyewe, na kwa kawaida ayajibu mwenyewe kabla mgeni hajafungua kinywa.

Mkuu alikuwa karibu, anahangaika na nyaya. "Nimelitoa," alisema. "Halikuwa na maana, ndugu yangu. 'Mama anauliza kama mwandishi aliigeuza picha.' Aigeuze vipi? Picha si godoro."

Fundi alijikuna sikio, lile la kushoto. "Hata mimi sikulielewa. Lakini mama ndivyo alivyosema niandike."

"Mama ana umri gani sasa?" aliuliza mkuu, kwa ule upole unaoudhi kuliko tusi.

"Umri wa kutosha kutopenda kuulizwa." Akamgeukia Mama Kadi. "Dada, mama haketi tena kibarazani. Tangu kitabu kitoke, miezi mitano, mlango umefungwa. Wale wanawake aliokuwa akisuka nao mikeka sasa wanapita wakitazama upande wa pili. Jana mteja ananiambia, 'Fundi, tengeneza bomba, ila majina yetu usiyapeleke ofisini.' Akacheka. Mimi nacheka naye, nifanyeje? Lakini yule mama atafia ndani, kwa haya isiyokuwa yake."

Mama Kadi alimhurumia. Alimhurumia kama mtu anavyomhurumia aliyenyeshewa, huku yeye mwenyewe ana mwavuli. "Fundi, mdogo wangu, kila mtoto anaambiwa baba yake alikuwa shujaa. Ingekuwa ni kweli kwa wote, huo mgomo ungeshinda siku ya kwanza. Kadi inasema alivyosema mwenye picha. Mimi siongezi wala sipunguzi."

"Na kadi ikikosea?"

"Haijawahi."

Saa kumi ikawa saa kumi na nusu, kwa sababu mkuu alifungua mkutano kwa hotuba. Alimshukuru mgeni, akaushukuru mtandao, akajishukuru kwa kuzunguka. Kisha daktari alitokea kwenye shuka, nyuma yake rafu ya vitabu iliyopangwa kwa rangi, jambo lililomfanya Mama Kadi afumbe macho kidogo kama aliyeonja shubiri. Hata hivyo, daktari alizungumza vizuri. Alieleza uchungu wa wale ishirini na watatu mpaka mzee mmoja wa kiti cha mbele akatoa leso. Halafu akaiweka ile picha, kubwa, ukuta mzima, na akasema, "Tazameni uso huu wa kulia. Usaliti una sura, ndugu zangu."

Fundi akasimama. "Una masikio pia," alisema. "Haya hapa. Huyo ni baba yangu, na alikuwa katibu."

Viti vililia watu walipogeuka kumtazama. Feni peke yake iliendelea na manung'uniko yake.

"Maswali ni kwa vikaratasi!" mkuu alifoka.

"Mwacheni," alisema daktari kutoka ukutani, kwa huruma ya mtu aliye mbali na mahali ngumi zinapoweza kufika. "Naelewa maumivu yako, kaka. Lakini historia haiandikwi kwa mapenzi ya watoto. Inaandikwa kwa vyanzo, na chanzo changu ni maktaba yenu wenyewe. Muulizeni mkutubi wenu."

Vichwa kumi vikageuka. Mama Kadi alikuwa amekwisha kusimama. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja, kadi yake ilikuwa imeitwa mahakamani, na yeye alikuwa na hakika ya hukumu. Alienda kabatini, akarudi na bahasha ya kaki, akaitoa picha yenyewe, ile halisi, kingo zake za manjano. Akasimama mbele ya kompyuta, akaielekeza picha usoni pa kamera, mgongo wa picha ukiwa upande wake yeye. Mgongoni palikuwa na maneno mawili ya penseli, yameandikwa mbalimbali: katibu upande mmoja, karani upande mwingine.

"Imeandikwa nyuma na mwenyewe aliyeileta," alitangaza. "Nasoma. Katibu ni huyu hapa." Akabana ukingo wa picha kwa kidole gumba, palipoandikwa neno hilo.

Daktari alisogea karibu na skrini yake. "Samahani, mama. Kidole chako kiko kwa karani."

"Kiko kwa katibu. Ndicho ninachokisoma."

"Naona kidole kando ya huyu mwenye masikio."

Mama Kadi aliigeuza picha. Kidole kilikuwa kando ya masikio. Akaigeuza tena nyuma: kidole kilikuwa juu ya katibu. Aliigeuza mara ya tatu, polepole. Mtu fulani, siku fulani, aliandika kila neno nyuma ya mgongo wa mwenyewe, kama mtu anavyobandika jina nyuma ya shati. Na yeye, Mama Kadi asiyekosea, akaisoma picha kwa mgongo, akapiga chapa kushoto na kulia ya mgongoni, akaenda kunywa chai.

"Mama amechoka," mkuu alisema haraka, akicheka kwa meno. "Amechanganya mikono. Si ndiyo, mama? Tuendelee na neno la shukrani."

Njia ilikuwa wazi kabisa. Kusema ndiyo, nimechanganya. Kuirudisha picha kwenye bahasha, bahasha kabatini, na kustaafu mwezi wa tatu ujao kwa keki na hotuba. Hakuna mwingine chumbani aliyekuwa ameielewa picha ile. Fundi alikuwa amekwisha kuuchukua mfuko wake wa vifaa, ameutundika begani, masikio yameshuka kadiri masikio kama yale yanavyoweza kushuka.

"Nimekosea," alisema Mama Kadi.

Daktari aliweka kiganja sikioni. "Hamsikiki. Mmezima kipaza sauti."

Mkuu ndiye aliyekizima, na sasa hakuharakisha kukiwasha. Mama Kadi alimsukuma kwa nyonga, akabonyeza mwenyewe.

"Nimesema nimekosea!"

"Sauti inakatika. Umesema nani amekosea?"

"MIMI!" Ilisikika mpaka kwa muuza magazeti wa nje, akachungulia dirishani. "Kadi ni yangu, kosa ni langu! Miaka thelathini na mmoja limekaa kabatini! Wa kulia ndiye katibu! Na wewe, daktari, miaka mitatu ulizama, hukuomba hata siku moja kuonyeshwa nyuma ya picha!"

Daktari alianza kusema kitu juu ya toleo la pili. Kisha sura yake ikaganda kinywa wazi, na mtandao ukakatika. Kwa mara ya kwanza ulikatika wakati unaofaa.

Watu wakasimama, wote wakisema kwa pamoja. Mzee wa leso alimshika Fundi mkono akautikisa kama anapampu maji. Fundi alimtazama Mama Kadi.

"Ahsante, dada. Lakini si mimi wa kuambiwa."

Kanuni ya kwanza ya maktaba ilikuwa kwamba picha za kabatini hazitoki nje ya jengo. Aliiandika Mama Kadi mwenyewe. Alilifungua daftari la kuazima, akaandika "Mama Kadi, picha moja", akatia sahihi, akavaa viatu vyake vya kutembelea.

Nyumba ya mama yake Fundi haikuwa mbali, na Fundi ndiye aliyetangulia. Mlango ulifunguliwa kidogo. Kikongwe alikuwa ameketi ndani, gizagiza, mkeka aliouacha katikati ya kuusuka uko magotini. Mama Kadi alimwamkia, akapiga goti, akaeleza lote bila kujipamba. Mwisho akampa picha. Bibi aliipokea, hakuutazama upande wa sura hata kidogo. Aliigeuza, akapapasa yale maneno ya penseli.

"Mwandiko wangu," alisema. "Nilikuletea mwenyewe, mwaka ule mlipotangaza mnataka picha za zamani. Ulikuwa na haraka. Ulikuwa na mashine mpya."

"Mama, kwa nini hukuja kuniambia?"

"Nilikuambieni. Nilituma swali. Nikasikia mnachuja vikaratasi." Alimrudishia picha. "Nikajua nyinyi ni wasomi, kugeuza karatasi hamtashindwa."

Kisha alimwita mwanawe amtolee kigoda kibarazani, na mkeka, na amwambie huyu msomi akae karibu, pale wapita njia watakapowaona wote wawili.