Koti Lisilo na Mifuko ya Chini

Mimi ni fundi cherehani, na kazi ya mikono yangu naijua hata ikipita ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo siku ile hospitalini, bwana mmoja alipoingia chumbani na koti jeupe, akamwambia mdogo wangu kwamba uvimbe ni mkubwa na kizazi kitolewe kesho asubuhi, sikumtazama usoni. Nilitazama koti. Halikuwa na mifuko ya chini.

Makoti ya hospitali hiyo nimeyashona mimi. Ya madaktari yana mifuko mitatu. Ya watu wa mauzo yana mmoja tu, kifuani, wa kalamu. Msimamizi wao aliniambia, "Hao usihangaike nao, hawana kifaa cha kubeba." Tulicheka wote wawili. Sasa kicheko kile kilinitokea puani.

Mdogo wangu aliolewa mwaka juzi, na mtoto ndiyo dua yake ya kila siku. Kalamu ya kusaini fomu ilikuwa tayari mkononi mwake.

"Samahani kaka," nikasema, "wewe ni daktari?"

"Mimi ni mshauri wenu wa afya, dada. Na wiki hii upasuaji una punguzo."

"Kizazi cha mtu mnakiwekea punguzo kama viatu?"

"Dada, nenda popote. Soko ni huria."

Nikampokonya mdogo wangu kalamu, nikamvuta mkono tukatoka. Alilia njia nzima, eti namwaibisha mbele za watu. Nikamwambia anyamaze.

Hospitali ya pili, mtaa uleule, tulipokelewa kwa maji baridi na tabasamu pana mno. Nikadai daktari mwenyewe. Akaja mama mtu mzima, akampiga picha upya, akambonyeza tumbo taratibu.

"Kizazi kibaki, mwanangu. Nitatoa uvimbe peke yake. Nani kakutisha?"

Mdogo wangu akamsimulia.

"Wale? Wangekung'oa na meno."

Mdogo wangu akacheka, mara ya kwanza wiki nzima. Mimi nilitaka kucheka nikashindwa. Kila anayetoka kule anakuja na hamu hiyohiyo ya kuambiwa kizazi kibaki, na huyu mama anaijua.

"Daktari, na uvimbe ukiwa mbaya?"

"Siwezi kujua mpaka nifungue."

Jibu la mkweli, au la mjanja? Nilitafuta kichwani mtu wa kumuuliza asiye na cha kuniuzia, nikakosa. Hospitali zote za mji huu zina wenyewe, na wenyewe wote wanataka wateja. Niliogopa, nasema kweli.

Mdogo wangu akanigeukia. "Dada, wale uliwashtukia wewe. Huyu je?"

Macho yake yalishaamua. Yalikuwa yananiomba tu.

"Saini," nikamwambia.

Akasaini haraka, akanikumbatia, akaninong'oneza jina alilomchagulia mtoto. Nikasema ni zuri. Yule daktari sikuwa nimemwamini hata kidogo. Nilikuwa nimeshindwa tu kumwambia mdogo wangu hapana.